Nilivyomposa Mke Wangu Mara ya Pili

Tangu nirudi kutoka Meru sijakata ratili moja ya nyama bila mtu kuegemea meza yangu na kuniuliza, "Bwana Selemani, hebu tuambie, huko kukoje?" Nimesimulia mpaka koo limekauka. Na kila nikisimulia, Ramadhani fundi cherehani huongeza kiraka chake, hata jana nimesikia sokoni kwamba nimeoa mke wa pili. Basi nimeketi niandike mwenyewe mambo yalivyokuwa, mwenye swali asome, aniache nifanye kazi.

Mnajua hali yetu hapa Embu. Mbuzi wangu walikuwa wakitoka kwa Wambeere kule chini kwenye ukame, na tangu serikali itangaze Imajensi, hii hali ya hatari, mifugo haipitishwi ovyo, wala watu. Wateja wangu wa juu wamehamishiwa vijiji vilivyozungushiwa handaki, na anayeruhusiwa kuja sokoni huja mbio na kurudi mbio. Kuna siku nimefunga bucha jua halijapanda, kwa kuwa sikuwa na cha kutundika. Ndipo Athumani akaniletea salamu. Baba yake na baba yangu waliingia nchi hii pamoja wakibeba mizigo ya watu, na yeye ni mchinjaji kule Meru. Alisema ng'ombe wanashuka kutoka upande wa Isiolo, na mji unataka bucha ya pili.

Nikamwambia mke wangu tuhame. Hadija akasema niende kwanza nikatazame. Nikadhani ananituma nikaangalie nyumba na maji.

"Maji nitateka popote," akasema. "Tazama watu. Waambie mimi ni Mwembu, na waambie Njeru yuko kambini. Ukiona wamegeuza nyuso, rudi. Tutakula hata mboga."

Njeru ni kaka yake, alichukuliwa kwenye msako na hatujui atarudi lini. Hadija kabla ya kusilimu aliitwa Wawira. Baba yake alikataa kumtoa kwa mtu asiye na ukoo, maana baba yangu alikuwa Mnyamwezi na mama yangu Mkamba, na mzee huyo akafa hajaonja mbuzi wangu wa mahari hata mmoja. Wale mliokuwepo mnakumbuka: tulioana mbele ya sheikh na watu wa Majengo, mtaa wetu wa Waislamu, upande wa bibi harusi hapana mtu. Baadaye Njeru peke yake ndiye aliyekuwa akija kutuona. Sasa naye hayupo, na mke wangu hataki kwenda kukaa ugenini atakakotazamwa kama mwizi. Hilo ndilo nililokwenda kutafuta.

Habari za pasi ya kusafiri na kungoja ofisini siziandiki. Kila mmoja wenu anazo zake.

Embu hadi Runyenjes

Nilipanda lori la chumvi na magunia ya mahindi. Dereva alikuwa Mutua, Mkamba mnene mwenye sauti nyembamba, anayezungumza na gari lake njia nzima kama mtu anayebembeleza punda. Tulikaa juu ya magunia, hewa safi, na mpaka karibu na Runyenjes niliona safari hii ni mchezo.

Runyenjes tukasimamishwa. Askari na homugadi, wale walinzi wa vijiji wa serikali, walitushusha wote, tukapangwa kando ya barabara. Homugadi mmoja akanifikia.

"Wewe kabila gani?"

"Mswahili wa Embu."

"Mswahili ni kabila?"

"Baba Mnyamwezi, mama Mkamba."

"Basi toka hapa. Kaa kule na dereva."

Nikaenda kukaa kivulini na Mutua, akanimegea kiazi kitamu. Wenzangu wote niliopanda nao, Waembu watupu, walichuchumaa juani, mikono kichwani. Mmoja alikuwa mama mzee mwenye kuku kwenye kikapu. Kuku akachoropoka, askari wawili wakaanza kumfukuza huku na huku na bunduki zao mgongoni, na mimi nikacheka, maana kuku yule alikuwa na akili kuliko wote wawili. Kisha nikamtazama yule mama. Alikuwa amechuchumaa vile vile, mikono kichwani, hathubutu hata kumwita kuku wake. Nilimwona Hadija pale pale, nikamrudishia Mutua kiazi chake.

Mutua ndiye aliyemkamata yule kuku, kwa kummwagia punje za mahindi kutoka kwenye gunia la watu, akamrudisha kikapuni bila kusema neno. Tulikaa hapo mpaka kivuli kikahama. Mutua namshukuru mpaka leo, kwa kuku na kwa mengine.

Runyenjes hadi Chuka

Mvua ilitukuta kwenye mteremko wa mto Thuci. Mliopita njia ile mnaijua: inashuka mpaka unadhani unakwenda kuzimu, kisha inapanda. Mutua alifunga minyororo kwenye magurudumu, akalibembeleza lori, akalitukana, akaliomba msamaha, na bado likazama mpaka ekseli.

Palikuwa na kundi la akina mama wakitengeneza barabara, kazi ya lazima, homugadi amewasimamia na koti la mvua ambalo wao hawakuwa nalo. Wakaamrishwa watusaidie. Tukasukuma pamoja, tukateleza pamoja, na kila tulipoanguka walicheka, jambo ambalo sikulitegemea. Lori likatoka kidogo, likazama tena mbele. Homugadi akachoka kutupigia kelele, akaenda kujikinga chini ya turubai, na sisi tukapumzika.

Hadija alikuwa amenifungia nyama ya kuchoma. Nikaitoa nigawe, nikianza na mama mmoja aliyekuwa amesukuma kuliko sisi wanaume. Akaitazama, hakuishika.

"Hii imechinjwa na nani?"

"Na mimi mwenyewe. Mimi ni mchinjaji."

"Na wewe ni wa msikiti?"

"Naam."

"Basi samahani, baba. Sisi ni wa misheni. Tumekatazwa."

Kwa kweli nilichukia. Mkono wangu umewalisha Waembu miaka mingi, nani huyu wa kunikatazia nyama? Lakini nikakumbuka kwamba angenipa yeye nyama yake ningemuuliza maswali yale yale, neno kwa neno. Yeye naye nadhani aliona aibu, maana alifungua kitambaa chake akatoa nduma, yaani magimbi, za kuchemsha, baridi, zimeloa mvua. Tukala nduma, ambazo hazikuchinjwa na mtu. Nimekula vyakula vingi vya harusi visivyokuwa na utamu wa nduma zile.

Tulifika Chuka saa ya kafyu, ya kutotembea nje, inakaribia. Mwenye duka mmoja alituruhusu tulale barazani kwake, akatutilia chai yenye maziwa mengi, akakataa kabisa kutuambia jina lake. Nyakati hizi mtu anaficha hata wema.

Chuka hadi Meru

Siku ya pili sina la kulalamika nalo. Tulivuka mto Nithi bila kusukuma, ukungu ukaondoka, na huku upande wa mlima kila kitu kilikuwa kibichi mpaka nikawaonea wivu mbuzi wa huko. Nilipomwambia Mutua hivyo, akasema hajawahi kubeba abiria anayetazama nchi nzima kama malisho.

Athumani alinipokea Majengo ya huko Meru kwa wali na maharage ya nazi, nazi ambayo sijui aliipata wapi. Mji ni mdogo, msafi, na nyama yao nimeikagua: ina mafuta, imenona. Ila Majengo hakukuwa na chumba hata cha kuku. Athumani akanielekeza kwa Mzee M'Rimberia, upande wa Kinoru, mwenye nyumba ya mbao karibu na barabara. Ina vyumba viwili, na kimoja kinatazama nje, kana kwamba mtu aliijenga akijua nitakuja kutundika nyama.

Mzee M'Rimberia ni mtu mrefu, mpole, anayemaliza kufikiri kabla hajafungua kinywa. Tulikaa nje, binti yake Kanana akatuletea uji, na mimi nikausifu uji, kama mtu yeyote mwenye adabu.

"Mimi nataka kujua mtu kabla hajalala kwa nyumba yangu," akasema. "Wewe iko na bibi?"

"Ninaye. Nimemwacha Embu."

"Yeye ni mtu ya wapi?"

"Wa huko huko. Mwembu."

Akaweka uji wake chini. Sijui kama uso uligeuka au ni mimi niliyeuona umegeuka. Siku hizi mwenye nyumba huulizwa habari za kila anayelala kwake, na mgeni mwenye matata huleta matata yake. Habari ya Njeru ilikuwa imefika mdomoni, ikarudi tumboni.

"Nitafikiri," akasema. "Wewe zunguka kwanza, kisha kuja."

Maua na kurudi

Nikaona badala ya kukaa nahesabu nzi, niende mji wa Maua nikatazame mnada wa mifugo, maana kuna mtu wa Meru aliyekuwa akienda na gari lake. Maua kuna baridi na ukungu, na watu wakarimu wanaotafuna miraa, ile mirungi, na kukutazama moja kwa moja. Mbuzi nimewaona. Tuwaache, nitalia.

Wakati wa kurudi tulimchukua njiani mzee mmoja wa Igembe, amevaa blanketi safi, amepakata furushi la miraa. Nilimpa nafasi yangu ya mbele, mimi nikakaa nyuma. Tulipofika kwenye kizuizi cha askari, sisi tukapita, yeye akarudishwa. Ruhusa yake haikufika huko alikokwenda. Alishuka akasimama na furushi lake, hana hasira, amechoka tu. Kisha akaja upande wangu, akaniwekea furushi mikononi.

"Mimi hapana weza kufungua hii," akasema. "Na kesho imekauka. Kula wewe na rafiki yako."

Mimi situmii miraa. Lakini jamani, lile furushi! Mnanijua ninavyojivunia kufunga nyama kwenye majani ya mgomba. Hili lilikuwa limefungwa na bingwa: jani juu ya jani, hakuna pembe iliyotoka, kamba ya mgomba imezungushwa sawasawa kutoka juu hadi chini. Kulifungua ingekuwa dhambi. Nikasema moyoni, huyu rafiki ni Mzee M'Rimberia, na mgeni haendi kuomba nyumba mikono mitupu.

Nyumbani kwa Mzee M'Rimberia

Nikaoga, nikavaa kanzu, nikaenda Kinoru. Mzee alikuwa ameketi mlangoni, mkewe karibu yake, Kanana akichambua mahindi. Nikatoa salamu, nikalishika furushi kwa mikono miwili, nikainama, nikampa.

Kanana aliinuka akatoka, mahindi yakamwagika nyuma yake. Mzee alilipokea, akaliweka juu ya kigoda kwa uangalifu, hakuigusa kamba. Akamtuma mtu akawaite ndugu zake wawili. Nikafurahi. Nikasema, alhamdulillahi, anawaita mashahidi wa kupangisha nyumba.

Ndugu wakaja. Mmoja alikuwa kimya mwanzo hadi mwisho. Wa pili, M'Ikiara, alikuwa na maswali kama hakimu.

"Wewe iko na mbuzi?"

"Mbuzi ndiyo kazi yangu."

Wakaitikia kwa vichwa, vizuri.

"Baba na mama?"

"Wote wamefariki."

"Sasa nani amekuja kukusemea?"

"Nimejisemea mwenyewe," nikasema. "Mimi ni mtu mzima."

Hilo halikuwapendeza, lakini walilimeza.

"Na hii bibi yako ya Embu, anajua umekuja?"

"Ndiye aliyenituma!"

M'Ikiara akapiga paja lake. "Huyo ni mwanamke ya ajabu!"

Nikakubali kwamba ni wa ajabu, nikaanza kumsifu. Nilivyozidi kumsifu ndivyo walivyozidi kushangaa. Mwishowe mke wa Mzee, Mama Kanana, ambaye alikuwa hajanena lolote, akanigeukia.

"Na wewe utaoa msichana wangu hata hujaongea na yeye?"

Wenzangu, jasho nililolijua juzi kwenye matope ya Thuci lilikuwa mchezo. Mzee M'Rimberia akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto. Kwao, miraa iliyofungwa namna ile, ikipelekwa kwa mzee mwenye binti, imekwenda kuposa. Baba akilifungua, amekubali mazungumzo. Na yeye alikuwa ameshapanga kila kitu kichwani: Mwislamu huyu mke wake yuko mbali, anatafuta nyumba hapa, amesifu uji wa Kanana, sasa ameleta miraa. Ningekuwa mimi ningefikiri hivyo hivyo.

Nikawaeleza habari ya mzee wa Igembe, ambaye kumbe alikuwa njiani kwenda kuposa. M'Ikiara hakuamini. Alisema mtu hawezi kuingia kwa watu na kitu kizito kama hicho kwa sababu amependa jinsi kilivyofungwa. Alisimama kabisa. Nikaona nyumba imekwenda, na jina langu limekwenda, na hapo ulimi ukafunguka nikasema yote. Kwamba sitaki mke mwingine, huyu mmoja nilimpata kwa shida. Kwamba sikutumwa kutafuta nyumba, nimetumwa kuwatazama watu, kama wataweza kukaa na Mwembu ambaye kaka yake yuko kambini.

M'Ikiara akatupa jicho mlangoni. Neno kambi huwa halisemwi kwa sauti ile.

Mama Kanana peke yake hakushtuka.

"Huyo bibi yako, mama yake yuko?"

"Alikufa."

"Baba?"

"Alikufa pia. Alikataa mbuzi wangu."

"Na kaka ndiye huyo amefungwa."

"Ndiye."

"Basi hana mtu."

Nimekaa na Hadija miaka yote hii, na sijawahi kulisikia likisemwa hivyo, wazi, na mtu asiyemjua.

Mama Kanana akamgeukia mumewe akasema Kimeru, maneno mengi, bila kupandisha sauti. M'Ikiara alijaribu kuingilia, akanyamazishwa kwa kiganja. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akafikiri, kisha akaniambia.

"Mama Kanana anasema hii miraa imeingia kwa nyumba, haiwezi kurudi barabarani. Imeomba msichana wa hapa. Kanana hapana. Basi iwe ya huyo wa Embu. Anasema uombe yeye kwangu, mimi kama baba yake."

"Mtu ataomba namna gani bibi wamekaa na yeye siku zote?" M'Ikiara akauliza.

"Kwani aliombwa kwa nani, na baba alikataa mbuzi?" akasema Mama Kanana. "Na mimi ndiye nitashinda na yeye mchana hapa. Si nyinyi."

Basi Mzee M'Rimberia akajiweka sawa kwenye kiti, ndugu zake pande zote mbili, hata M'Ikiara akaketi. Akalichukua furushi, akaliweka magotini.

"Selemani. Umekuja kwangu. Unataka nini?"

"Namtaka Wawira," nikasema.

Jina lile nilikuwa sijalitamka tangu tuoane. Nikalia mbele ya wanaume watatu nisiowajua, na siwafichi, kanzu yangu ililowa. Mzee akafungua kamba. Alinipa kijiti cha kwanza, nikatafuna, kichungu kama dawa ya minyoo, nikameza na machozi yangu. Mama Kanana akatoka nje, nikamsikia akipiga vigelegele, na Kanana naye akiitikia, nadhani kwa furaha ya kuponea chupuchupu.

Mahari ni mbuzi mmoja, nimchinje mwenyewe pale uani. Nyumba ni yetu. Kuhusu pasi ya Hadija, Mzee atakwenda mwenyewe kumsemea, na M'Ikiara, yule yule, akasema kama chifu akiuliza, jibu liko tayari: msichana ya M'Rimberia amerudi nyumbani na bwana yake. Na habari ya Njeru wameisikia wote, wala hakuna aliyenitaka niifiche.

Kurudi Embu

Mutua alikuwa akirudi, nikapanda naye tena. Kule Thuci barabara ilikuwa imejazwa mawe, tukapita mara moja. Nilinyoosha shingo nimtafute yule mama wa nduma, lakini hawakuwepo, na nilisikitika kwamba sikumuuliza jina. Kati ya wote niliowakuta njiani, wachache sana walikuwa na sababu ya kunitendea mema, na wengi walitenda. Nawaombea.

Kwa hiyo, Ramadhani, ndiyo, nimeposa. Niliyemposa ni huyu huyu unayemshonea. Na nyinyi wengine, msiniulize tena Meru kukoje. Tunahama mvua zikikatika, bucha nimemwachia shemeji wa Athumani, na mikono yake ni safi.

Hadija nilimkuta anafua. Nilimsimulia yote uani, tangu kuku wa Runyenjes. Alicheka nilipofika kwa M'Ikiara na kupiga paja. Nilipofika mahali pa Mama Kanana aliacha kucheka, akaendelea kufua nguo moja ile ile.

"Ulisema Wawira?" akaniuliza.

"Nilisema Wawira."

Akaikamua ile nguo, akaianika, akaivuta pembe zake zikanyooka. Kisha akajifuta mikono, akaja akaketi karibu nami kwenye mkeka.

"Sasa niambie," akasema. "Baba anapenda kula nini?"